Sarafu za Nikeli Nilizozisugua kwa Mchanga wa Ziwa

Sifa, mwanangu,

Naogopa. Ningeanza na salamu na kukuombea safari ya amani, lakini pumzi yangu siku hizi ni fupi, kwa hiyo naanza na lililo zito. Kesho asubuhi utapanda boti ya kwenda Kigoma. Siogopi ziwa, nimelivuka mara nyingi nikarudi. Naogopa kile ulichokishona ndani ya pindo la kikwembe, kitenge chako cha bluu, na mtu anayekungoja ng'ambo.

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Umeniachia chai ndani ya chupa na vidonge juu ya kisahani, ukaniambia nilale. Sikulala. Nimeketi kwenye meza uliyokuwa ukifanyia kazi zako za shule, na nataka kumaliza kuandika kabla hujarudi. Daktari alikuambia kwamba moyo wangu umechoka. Mimi aliniambia zaidi ya hapo. Sikukueleza kwa sababu ungeahirisha safari, nami sitaki uahirishe. Lakini maana yake ni kwamba sina siku nyingine ya kukuambia jambo hili kwa upole. Ukivuka kesho bila kuambiwa, basi.

Mambo ya kula, ya kuvaa, ya kuficha pasi yako ya kusafiria na ya kuchagua marafiki, sitayaandika. Shangazi yako wa Kigoma atakuambia hayo mpaka uchoke. Mimi nina neno moja tu, nalo linaniumiza.

Sarafu zile ulizozishona hazina bei, si mali.

Nimeliandika na sasa naliangalia. Tangu ukiwa mtoto umesikia katika nyumba hii kwamba Papa ana mali ndani ya bati la maziwa, kwamba siku moja bati lile litakusomesha. Majirani wamelisikia. Wajomba zako wamelisikia, wakanisalimia kwa heshima kidogo zaidi kwa ajili yake. Mimi ndiye niliyelieneza. Na kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa historia, hakuna aliyeniuliza mara mbili. Ulipopata nafasi katika shule ya uuguzi ng'ambo, ulikuja mbio ukaniambia, "Papa, sasa njo wakati wa bati." Nilicheka, nikakupigia makofi. Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Nisikilize tangu mwanzo, maana bila mwanzo hutaelewa kwa nini naogopa leo.

Babu yangu alikuwa seremala wa misheni kule Mpala. Alikuwa bado kijana wakati nchi hii ilipokuwa mali ya mfalme mmoja wa Ubelgiji, kabla haijachukuliwa na serikali yao. Mishahara yake ya kwanza ilikuwa kitambaa na chumvi. Kisha siku moja akapewa vipande vya chuma cheupe, vyenye tundu katikati. Umeviona: nyota upande mmoja, na upande wa pili herufi za mfalme zimesokotana kuzunguka tundu. Ni nikeli iliyochanganywa na shaba. Waliozitengeneza walizitoboa hivyo ili mtu asiye na mfuko aweze kuzipitisha kwenye uzi. Babu alizipeleka sokoni. Wauza samaki wakazigeuza, wakazinusa, wakamrudishia. Walitaka kitambaa, walitaka chumvi. Mmoja alimwambia, "Hii ni ya kufungia nyavu au ni ya nini?" Babu akaona haya, akazifunga ndani ya gome la mti lililopondwa, akazitia juu ya dari, akazisahau.

Angalia bahati ilivyofanya kazi. Pesa nyingi za aina ile zilipita mikono maelfu, zikalika mpaka nyota ikawa doa. Za kwetu hazikupita mkono wowote, kwa sababu zilikataliwa. Zilikaa pale juu zikiwa mpya, na polepole zikashika rangi ya kijivu yenye umanjano kidogo, kama moshi mwembamba. Sisi tuliuona ule moshi kuwa uchafu.

Baba yangu aliongeza za kwake: nusu faranga na faranga zenye picha ya mchikichi, nyingine zimeandikwa kwa Kifaransa na nyingine kwa Kiflama, kwa kuwa hao Wabelgiji wenyewe hawakuwa na lugha moja. Nilijifunza kusoma kwa sarafu hizo kabla ya kuona kitabu. Baba alinieleza jinsi nikeli ilivyoadimika wakati wa vita vikuu vya pili, pesa zikatengenezwa kwa shaba ya njano, na jinsi mwishoni mwa ukoloni zilivyokuwa nyepesi hata watoto walidhani ni za kuchezea. Baadaye, serikali yetu ilipobadilisha noti kwa ghafla, baba alipoteza akiba yake yote ya karatasi. Alisimama na mfuko wa pesa zilizokufa. Tangu siku ile aliamini chuma tu, na alipokaribia kufa alinikabidhi bati, akaniambia nisilifungue mbele ya watu.

Nililifungua mbele ya mgeni mmoja tu. Ulikuwa mdogo, hujaanza shule. Mama yako alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa hapa alisema apelekwe Lubumbashi akapasuliwe. Mshahara wa mwalimu unaujua, au tuseme kukosekana kwake unakujua. Wakati ule alikuwapo mjini Mbelgiji mmoja aliyekuja kutengeneza mashine za bandarini. Nilikuwa nikimtafsiria maneno ya wafanyakazi, na jioni moja alikuja kula samaki kwetu. Akaniambia kwamba yeye hukusanya sarafu za zamani. Nikaleta bati.

Zile za mchikichi alizitazama kwa heshima, akasema ni nzuri lakini ziko nyingi duniani. Kisha akafika kwenye gome la babu. Akafuta mikono yake kwa leso, akashika moja kwa ncha za vidole, kwenye ukingo tu, kama mtu anavyoshika mbawa za kipepeo. Akaitoa nje kwenye mwanga. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mwalimu," akasema, "hizi za mfalme mwenyewe, kabla ya serikali, zilitengenezwa chache tu, maana nchi ilimtoka upesi. Na nyingi zimelika. Hizi hazijalika. Usiziguse. Nitakuja Jumamosi na kioo changu cha kukuzia, na nitakuja na pesa."

Alitaja bei. Sitaiandika, ila mama yako aliyekuwa jikoni aliacha kukoroga bukari, ugali wetu. Lubumbashi ilikuwa ndani ya bei ile, kwenda na kurudi, na upasuaji katikati.

Sasa nifuate vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Unajua jinsi tunavyopokea mgeni hapa. Mgeni akitangazwa, sufuria zinapelekwa ziwani, zinasuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka unaona uso wako. Mama yangu alinilea hivyo. Kumwekea mgeni kitu chenye doa ni kumwambia kwamba hukumngoja. Nilikuwa na digrii ya historia, Sifa, nilikuwa nimesoma vitabu ambavyo hakuna mwingine mtaani alikuwa amevisoma, na bado usiku ule sikupata usingizi kwa sababu moja: Mzungu atarudi Jumamosi na atazikuta pesa za babu yangu chafu. Neno lake "usiziguse" nililisikia kama adabu yake, kama mgeni anayesema "msijisumbue" huku akitarajia ujisumbue.

Ijumaa mchana nikachukua bati na ndimu. Mama yako aliniona mlangoni.

"Papa Sifa, unaenda wapi na bati?"

"Ziwani."

"Sarafu zinaenda kuoga? Kesho ziko na misa?" Alicheka, ingawa kucheka kulimuumiza tumbo. Kisha akaona uso wangu, akaacha. "Yule mutu alisema usiguse."

"Mama Sifa, mimi nitamuonyesha mgeni uchafu? Atasema nini juu yetu?"

"Atasema ulisikia."

Sikusikia. Nilipiga magoti kwenye maji, nikachota mchanga, nikakamua ndimu, nikazisugua moja moja kwa kidole gumba. Moshi ule wa kijivu ukatoka, ukachukuliwa na maji. Chini yake kukatokea weupe mkali. Nilifurahi. Nilimwita mwanamke aliyekuwa akifua karibu nami, nikamwambia, "Ona!" Akasema, "Eh, Mwalimu, zinang'aa kama za jana."

Jumamosi nilizipanga juu ya kitambaa cheupe. Mgeni aliingia akitabasamu, kioo kiko mkononi. Akainama. Sikuhitaji aseme kitu, niliona mabega yake yakishuka.

"Umezifanya nini, Mwalimu?"

"Nimezisafisha kwa ajili yako."

Kisha akanieleza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi. Bei ya sarafu ya kale, alisema, haitoki kwenye umri wake tu. Inatoka kwenye uchache wake, na kwenye ngozi yake. Ule moshi niliouona uchafu ndio ngozi, chuma chenyewe kimeitengeneza kwa miaka, na hakuna fundi awezaye kuirudisha. Akanipa kioo niangalie. Juu ya kila nyota mchanga wetu ulikuwa umechora mistari, maelfu, kama njia za mchwa. Mkusanyaji yeyote ataiona mistari ile kabla ya kuona nyota. Akasema anaweza kunipa kitu kidogo kwa huruma. Nikakataa huruma yake. Huo ulikuwa ujinga wangu wa pili, maana hata kitu kile kidogo kingenunua dawa.

Alipoondoka, mama yako akaniuliza kutoka chumbani, "Amesema nini?"

Nikajibu, "Alitaka kunipunja. Nimemfukuza. Zina thamani kuliko alivyofikiri."

Kisha akasema, "Ni vizuri basi. Mtoto atasomea." Hakuuliza tena mpaka alipofariki. Nimejiuliza miaka yote kama aliniamini. Nadhani alijua. Nadhani aliona kwamba mume wake hataweza kusimama na ukweli ule, akaniachia uongo wangu kama mtu anavyomwachia mgonjwa fimbo. Sisemi kwamba upasuaji ungemponya, hilo daktari mwenyewe hakuliahidi. Nasema tu kwamba tungekwenda.

Sitaki unililie hapa. Nimelia vya kutosha, na siyo jambo linalonitetemesha leo. Linalonitetemesha ni hili: nilifikiri uongo wangu umekaa ndani ya nyumba, hauwezi kumdhuru mtu, ni bati tu juu ya kabati. Kumbe ulikuwa unakua pamoja nawe.

Ulipoweka picha za sarafu mtandaoni kwa simu yako, sikujua. Nilijua siku ulipokuja jikoni unacheka na simu mkononi.

"Papa, kuna mutu wa Kigoma anazitaka! Amesema aliona picha tu, roho ikapiga."

Nikakuuliza, "Ameuliza mwaka?"

"Mwaka gani?"

"Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu, Mama. Mkusanyaji huuliza mwaka kwanza."

"Ameuliza kama zinavuta mchele."

Ulicheka. Mimi nilishika meza.

Unajua wanachosema, pande zote mbili za ziwa: kwamba kuna pesa za zamani zenye roho ndani, ukiweka moja kwenye sahani, punje za mchele zinaifuata, na mwenye nayo anaweza kuiuza kwa utajiri wote wa dunia. Mwanangu, nikeli yetu ile imechanganywa na shaba, hata sumaku huiacha. Haivuti kitu. Inavuta watu tu. Unamkumbuka yule mshonaji wa karibu na soko, aliyevuka na rupia moja ya Mjerumani? Uliniambia alikunywa pesa zake zote. Mimi nilimtembelea aliporudi. Hakunieleza lililompata, lakini mpaka leo haketi bila kuweka mgongo ukutani, na ukimgusa bega anaruka. Mkono wake wa kushoto haushiki tena sindano.

Nilijaribu kukuambia. Wiki hii nimejaribu zaidi ya unavyojua. Juzi nilianza, "Sifa, kuhusu zile sarafu," ukanikatiza, "Papa, pumzika, nitakuwa na akili, huyu ni mutu wa kusali." Nikapumzika. Nilifurahi kukatizwa, huo ndio ukweli. Nilijiambia: zikiwa hazina bei, mnunuzi atazitazama, atazikataa, atakurudishia, nawe utajua bila mimi kusema. Niliipenda njia ile kwa sababu ilinificha. Kisha nikalala na wazo likanigeukia. Mnunuzi wa kweli ataona mistari na kukataa. Lakini mwizi haangalii mistari. Mwizi anaamini uongo wangu kwa moyo wote, kuliko hata wewe. Ukimwambia hazina kitu atadhani unaficha zilizo bora.

Na leo, baada ya wewe kutoka, nimefanya kitu. Uliiacha simu ikichaji. Nimeichukua. Vidole vyangu vimehangaika nayo mpaka nikapata jina ulilomwandikia, "Boss Sarafu". Nikapiga. Nilitaka kumwambia ukweli nilioshindwa kukuambia wewe. Nilifikiri nikimwambia atakasirika, atakata simu, na biashara itakufa yenyewe.

Akapokea kabla haijalia vizuri. "Sifa mrembo! Umeshapakia?"

"Siyo Sifa. Ni baba yake."

Nilisikia watu nyuma yake, na redio. Redio ikazimwa.

"Aa, mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Nataka ujue jambo kuhusu sarafu. Zimesuguliwa."

"Sawa, mzee."

"Sikiliza vizuri. Nilizisugua mimi, kwa mchanga na ndimu. Zina mikwaruzo yote. Hakuna mkusanyaji duniani atakayezinunua. Nakuambia ili usije ukasema tumekudanganya."

"Hamna shida, mzee."

"Hukuelewa. Bei yake imekufa."

"Hamna shida kabisa. Aje nazo tu hivyo hivyo. Ila aje mwenyewe, asije na watu, mambo haya yanataka utulivu."

Nikamuuliza, "Wewe unakusanya za mwaka gani?"

Akacheka. Na nyuma yake mwingine naye akacheka, Sifa, kwa hiyo nilijua kwamba wananisikiliza wote. "Za mwaka wowote, mzee," akasema. "Sisi tunamsubiri tu binti."

Akakata.

Alisema "sisi". Uliniambia ni mtu mmoja, anayesali.

Nimekaa na simu ile mpaka kioo chake kikazima. Yule Mbelgiji, aliyezipenda sarafu kweli, alipoona zimesuguliwa mabega yalimshuka, hakuzitaka tena hata kidogo. Huyu nimemwambia ni takataka, na furaha yake haikupungua. Nimefundisha watoto wa watu kwa maisha yangu yote kusoma ushahidi, na sijawahi kuona ushahidi ulio wazi kama huu. Mtu asiyejali kama kitu kimeharibika, si kitu hicho anachokisubiri.

Simu yako iko pale pale kwenye waya. Sikufuta chochote, utaona kwamba nimepiga. Mpigie na wewe ukitaka, hapa mbele yangu, umwambie hazina bei, usikie.

Baadaye niliingia chumbani kwako na mkasi. Nilipapasa pindo la kikwembe, nikazisikia ndani, zimepangwa vizuri, umeshona kwa uzi maradufu kama mama yako alivyoshona. Nilitaka kuzitoa, nizitupe chooni. Kisha nikafikiri: nikizitoa kimya, utagundua ukiwa ng'ambo. Utadhani umeibiwa kwenye boti. Utakwenda kwake kumweleza, mikono mitupu, na yeye hatakuamini. Na zaidi ya hilo, nimeshawahi kuchukua sarafu hizi na kuamua peke yangu huku mtu anayenipenda akiniambia niache. Nikarudisha mkasi. Ziko kama ulivyoziacha. Uzitoe mwenyewe.

Sasa minerval, ada yako ya shule. Minerval niliyokuahidi haipo, na haijawahi kuwapo. Naliandika hili na aibu yangu yote. Najua utakachofikiri: basi nibaki. Usibaki. Nimempigia shangazi yako vilevile, kwa simu hiyo hiyo, nikamwambia kila kitu. Akanitukana kidogo, kama dada mdogo anavyoweza kumtukana kaka aliyezeeka. Alipomaliza akasema, "Alete mikono yake. Sina pesa, nina sufuria." Utafanya kazi naye katika chakula anachouza karibu na bandari, na shule itangoja mpaka mpate ada. Pengine mwaka mzima, pengine zaidi. Utaosha sahani za mabaharia wakati wenzako wanavaa sare nyeupe, na kila sahani itakuwa kosa langu. Sina la kuweka mahali pake. Nyumba hii ina paa linalovuja na kabati la vitabu ambavyo hakuna anayevisoma, na baba ambaye ni mwoga.

Shangazi atakungoja gatini na wanawe wawili. Akichelewa usitoke bandarini. Kaa palipo na askari na wanawake wanaouza, hata kama ni mpaka jioni. Yule mtu anajua jina la boti yako, ulimwambia mwenyewe, nilikusikia. Anaweza kuja pale akiwa mpole, na soda mkononi, akikuita dada. Anaweza kusema baba yako amenipigia, tumeelewana. Nimempigia, kweli, ila hatukuelewana. Akisema mimi ni mgonjwa sana na nimemtuma akuchukue, mwache aseme. Hata nikiwa nimekufa siku hiyo, siwezi kumtuma huyo.

Unaona jinsi ninavyokwenda mbele na nyuma. Ndivyo hofu inavyoandika. Kila nikifikiri nimeziba mlango naona dirisha. Kifo changu sikiogopi hivi, nakuapia. Nimekuwa nacho hapa chumbani tangu masika, tumezoeana. Naogopa kuwa hai siku ambayo boti itafika na simu yako isilie.

Nilichojifunza ni kidogo kwa mtu wa umri wangu. Nilipoteza sarafu kwa sababu niliogopa macho ya mgeni. Nikamdanganya mama yako kwa sababu niliogopa macho yake. Nikakudanganya wewe kwa sababu hiyo hiyo, na wewe umechukua uongo huo ukaushona kwenye nguo yako, kiunoni, karibu na mwili. Hofu niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ndogo na ya kijinga, na nikaitii. Hii ya leo ni kubwa, na naomba mara hii iwe imenifanya niseme badala ya kunyamaza.

Nasikia sauti yako barabarani. Mnaimba, mnacheka, mmoja anakutania kwamba utarudi unasema Kiswahili cha redio. Kwa hiyo nafupisha. Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya mfuko wako uisome majini, lakini nimeona kwamba huo nao ni woga, na majini itakuwa imechelewa. Nitakupa mkononi sasa, kabla hujavua viatu, nami nitaketi hapa mpaka uimalize.

Ukiimaliza, usiniambie kwamba umenisamehe. Hilo lina siku yake, au halina. Niambie kwanza kwamba hutakwenda kwake.

Papa yako